Barua ya wazi kwa wakuu wa miji: pimeni njia inayobaki, msikimbilie kubeba vibao vyetu

Waheshimiwa mameya, madiwani, na nyie maofisa wa leseni, barabara na mipango miji,

Salamu kwenu wote. Nawaandikia kama mwenye duka dogo, duka la mlango mmoja, na ninachoandikia ni vile vibao tunavyosimamisha nje, vile vya kukunja vyenye miguu mbele na nyuma na ubao wa chaki, asubuhi tunavitoa jioni tunavirudisha ndani. Najua mezani kwenu kuna mambo mazito kuliko haya, kuna maji, kuna taka, kuna usafiri, lakini nyie wenyewe mnajua malalamiko ya vibao hayaishi, leo kaja mpita njia kasema amejikwaa, kesho kaja mwenye duka kasema kibao chake kimebebwa na hajaambiwa kosa ni nini, na ukikaa ukawasikiliza wote wawili unakuta wote wana haki. Ombi langu ni moja tu ila nitalieleza kwa urefu: sheria yenu ipime njia inayobaki kwa mtu anayetembea. Isihangaike na kibao kimeandikwa nini, isiangalie ni cha nani, isisubiri nani kapiga simu kulalamika. Chukueni futi kamba, pimeni kutoka ukingo wa kibao mpaka kizuizi kinachofuata, ikitosha kibao kikae, isipotosha kitoke. Basi.

Kuna watu wanauliza kibao kina kazi gani siku hizi wakati kila mtu anatafuta vitu kwenye simu. Naomba siku moja msimame kwenye mtaa wowote wa maduka mtazame mtu anavyotembea. Anaangalia mbele. Jina la duka lililo juu ya mlango limelala sambamba na ukuta, kwahiyo anayepita kando ya ukuta huohuo halioni mpaka afike usawa wake na ageuze shingo, na mwenye haraka hageuzi shingo. Anayelisoma vizuri ni yule aliye ng'ambo ya barabara, ambaye wala hana mpango wa kuvuka. Kibao cha kusimama kinamkabili mtu uso kwa uso akiwa bado na hatua za kutosha kuamua aingie au aendelee na safari yake. Na simu inamsaidia yule ambaye tayari anajua anachotafuta, hamsaidii aliyekuwa anapita tu hajui kama tupo, na kwa duka dogo huyo wa kupita ndo riziki yenyewe.

Sasa fikirieni duka lililo chini ya ngazi, au la ghorofani, au la kwenye kichochoro hatua chache kutoka barabara kubwa. Fikirieni na lile ambalo jengo lake linakarabatiwa, mafundi wameweka majukwaa na nyavu, mlango uko wazi na biashara ipo ila ukiangalia kutoka nje unadhani wamehama, na hali hiyo inaweza kwenda miezi. Duka kama hilo bila kibao limezikwa likiwa hai. Wakubwa wana taa, wana vioo vipana, wana pesa za matangazo, ukiwaondolea kibao cha chaki hawatagundua. Kwahiyo marufuku inayosema "wote sawa" kwenye karatasi, ikishuka mtaani inamuumiza yule wa mwisho kuonekana.

Nimesema hayo, lakini sitaki kuurukia upande wa pili maana sisi wenye maduka tukiandika barua za aina hii huwa tunaurukia, na huko ndiko kwenye uzito.

Mtu asiyeona anatembea na fimbo nyeupe, anaipeleka kushoto na kulia mbele ya miguu yake kwa upana kama wa mabega. Wengi wanakuwa na mstari wanaoufuata, mara nyingi ni ukuta wa majengo au ukingo wa barabara, ndo unaowaambia wako wapi. Sasa fimbo inafika kwenye kibao chetu. Ubao umeanzia juu kidogo, chini kuna uwazi kati ya miguu, fimbo inapita palepale katikati bila kugusa kitu, mkono unapata taarifa kwamba njia nyeupe, na hatua inayofuata muundi unagonga ukingo wa ubao, kibao kinaanguka, kikiangukia fimbo kinaweza hata kuivunja, na mtu anabaki katikati ya njia hana fimbo, hajui amegeukia wapi. Halafu kuna jambo ambalo ukiwa unaona hulifikirii kabisa: nguzo ya taa mtu anaizoea baada ya kupita mara chache, anaihesabia, lakini kibao hakizoeleki, jana kilikuwa kushoto kwa mlango leo kiko kulia, keshokutwa upepo umekisogeza. Kumbukumbu ya mtu haina pa kushika.

Na hii siyo siri, watu wameshaifanyia kazi zamani. Viwango vya Marekani vya 2010 vinavyotokana na sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 vina kipengele kuhusu vitu vinavyojitokeza njiani kutoka ukutani: kama ukingo wake uko kati ya inchi 27 na inchi 80 kutoka chini, yaani kama sentimita 69 mpaka 203, kisijitokeze zaidi ya inchi 4. Sababu yake ni fimbo. Kilicho chini ya hapo fimbo inakikuta, kilicho juu ya hapo kichwa kinapita, kilicho katikati ndicho kinachoumiza watu. Kwa kibao chetu somo ni hilohilo, ubao ushuke mpaka karibu na ardhi ili fimbo igonge ubao kabla mguu haujafika. Hiyo haimgharimu mwenye duka chochote cha maana, ni kipande cha ubao cha kuziba uwazi wa chini, fundi anakimaliza muda huohuo ukisubiri. Lakini mtu hawezi kufanya asichoambiwa, na kanuni nyingi za vibao nilizokutana nazo zinataja urefu na upana na rangi, kuhusu fimbo kimya.

Kuna na yale matofali yenye vinundu na mistari ya kuongoza wasioona. Mjapani Seiichi Miyake aliyabuni mwaka 1965, na 1967 yakawekwa barabarani kwa mara ya kwanza kwenye mji wa Okayama, leo yako kwenye vituo na vivuko vya nchi nyingi. Mtu anausoma mstari kwa nyayo na kwa fimbo. Kuweka kibao juu ya mstari ule ni kumng'oa mtu macho aliyopewa na jiji lenyewe, na hapa sitaki tuvumiliane hata kidogo, andikeni kwamba hakuna kibao, hakuna kiti, hakuna baiskeli juu yake wala kandokando yake, na anayeweka achukuliwe hatua hata kama ni mimi.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu shida ni nyingine, yeye kibao anakiona vizuri ila hawezi kufanya lolote. Akikuta nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko kiti chake, ama anarudi nyuma mpaka kwenye mteremko wa mwisho wa kushukia barabarani alioupita, ama anamwomba mtu asiyemjua amshushe barabarani kwenye magari halafu ampandishe tena mbele. Mzazi mwenye kigari cha watoto hivyohivyo, mzee anayetembea na fremu hivyohivyo. Mwenye duka haoni kitu, yuko ndani anahudumia, na mtu aliyerudi nyuma haingii dukani kulalamika, anaondoka tu.

Ndo maana nasema pimeni kilichobaki. Nikija kwenye namba, Marekani viwango nilivyovitaja vinataka njia isiyopungua inchi 36, kama sentimita 91. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unataka mita 2 kwa hali ya kawaida, mita 1.5 pale mita 2 isipowezekana, na penye kizuizi kisichoepukika isishuke chini ya mita 1, tena hali hiyo isiendelee kwa zaidi ya mita 6 za urefu. Tofauti ya namba hizi siyo ya mchezo. Sentimita 91 inapitisha mtu mmoja kwenye kiti, wa pili akitokea mbele mmoja lazima arudi. Mita 1.5 kiti na mtu wa miguu wanapishana. Mita 2 viti viwili vinapishana. Kwa maoni yangu mji uchukue mita 2 kwenye mitaa inayojaa watu na mita 1.5 kwenye mitaa iliyotulia, na isipopatikana hiyo 1.5 hapo kibao cha chini kisiwepo kabisa, nalisema hili nikijua kuna wenzangu wenye njia nyembamba mbele ya milango yao watanikasirikia.

Lakini mkimnyima huyo kibao cha chini, mpeni cha juu. Kibao kidogo kilichofungwa ukutani kikatokeza kuelekea njiani, juu ya vichwa vya watu, kinafanya kazi ileile ya kumkabili anayetembea na hakimgongi mtu. Tatizo ni kwamba kibali cha kukipata mara nyingi ni kigumu kuliko cha chini, mara mchoro wa mhandisi, mara barua ya mwenye jengo, mara kamati inakaa lini haijulikani, mwisho mtu anaona bora asimamishe kibao cha miguu kimyakimya siku wakija waje. Sheria yenu yenyewe ndo inamsukuma huko! Kama kipimo cha njia kinamkatalia mtu kibao cha chini, basi jibu hilohilo la kumkatalia liwe ndo ruhusa yake ya kile cha juu, kwa ukubwa na kimo mlichokwisha kukiandika, asianze foleni upya.

Najua mtaniambia kuhusu Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Ni kweli, Novemba 2018 jiji lile lilipiga marufuku vibao vya kusimama kwenye njia za miguu mji mzima, na sababu waliyoitoa ni ya heshima, walitaka njia ziwe wazi hasa kwa watu wenye ulemavu. Siwalaumu, mji mkongwe una njia nyembamba zilizojengwa kabla ya mambo yote haya. Ila mji wenu siyo lazima uwe na njia nyembamba kila mahali, kuna mitaa yenye mita 5 za kutembea, na huko kumkatalia mtu kibao cha nusu mita kinachogusa ukuta sioni kinamlinda nani. São Paulo kule Brazili ni mfano mwingine ninaoupenda zaidi, wale kuanzia 2007 walifuta mabango ya matangazo jiji zima, hatua kali kuliko yoyote, lakini hawakulifuta jina la duka. Waliliwekea kipimo kinachotokana na upana wa mbele ya jengo, ukiwa na chini ya mita 10 unapata mita za mraba 1.5, ukizidi hapo unapata kubwa kidogo. Mtu anapima mlango wake mwenyewe anajua haki yake kabla hajamuuliza ofisa yeyote, na mimi hicho ndicho ninachokitamani.

Maana sasa hivi hatujui. Huu ndo uchungu wenyewe. Katika mji mmoja nilioufanyia biashara walipita asubuhi wakabeba kibao changu, hawakupima, hawakuniachia hata karatasi, na cha jirani kilichofanana na changu, kimesimama usawa uleule, kikabaki. Nilipofuatilia nikaambiwa kuna mtu alilalamika kuhusu changu. Nikauliza alilalamika nini, nimezuia njia au nini, jibu hakuna, nikalipa nikakichukua, nikakirudisha palepale kwa sababu hakuna aliyeniambia nikiweke wapi. Sheria inayosubiri malalamiko inawapa silaha watu wenye visa vyao, mshindani wako akikuchoka anapiga simu, na wakati huohuo yule mtu wa fimbo aliyeumia muundi hakupiga simu yoyote, kwahiyo kibao kilichomuumiza hakijaguswa. Mnaadhibu wasio na kosa na wenye kosa wanabaki, na mkiulizwa mnasema mmefanya kazi.

Kipimo kinaondoa haya yote. Wekeni alama chini, mstari mdogo wa rangi kwenye kona za mlango au kijiduara cha chuma, kinachoonyesha mwisho wa eneo la kibao, kikiwa ndani ni halali kikiwa nje ni kosa, hata mtoto anaona. Ofisa akija aje na futi kamba na simu ya kupiga picha, aandike sentimita alizokuta na sentimita zinazotakiwa, mara ya kwanza onyo na siku chache za kurekebisha, mara ya pili faini, na kubeba kibao kuwe kwa kile tu ambacho ni hatari dakika ile, kimeanguka njiani au kimekaa juu ya matofali ya kuongoza.

Na msijiingize kwenye kilichoandikwa. Marekani kulikuwa na kesi maarufu, mji wa Gilbert kule Arizona, kanisa dogo la mchungaji Clyde Reed, lisilo na jengo lake, lilikuwa linaweka vibao vya kuelekeza watu ibadani, kanuni za mji zikasema vibao vya aina hiyo visikae zaidi ya masaa 12 kabla ya ibada na lisaa limoja baada, wakati vibao vya siasa viliruhusiwa kuwa vikubwa zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Mwaka 2015 kesi ikafika Mahakama ya Juu, majaji wote 9 wakakubali kwamba mji umekosea. Sheria zao siyo zetu wote, sawa, lakini akili iliyo ndani yake inafaa popote: mguu hauumii zaidi kwa sababu kibao kimeandikwa tangazo na ungeumia kidogo kama kingeandikwa karibuni. Ofisa anayeanza kusoma maneno ya chaki ili aamue kipi kinafaa, ameshaacha kazi ya njia ameingia kazi nyingine.

Halafu kuna hili ambalo huwa hamlipendi ila nitalisema kwa heshima. Futi kamba hiyohiyo ipite na kwenye vitu vyenu. Masanduku ya umeme, mapipa ya taka, nguzo za alama mbili zilizosimama hatua moja kutoka nguzo ya taa ambayo ingezibeba zote, mashine za maegesho, mashine za kuchajia magari, na hizi skuta za kukodi mlizoziruhusu ambazo watu wanazilaza popote wanaposhukia. Asiyeona hajali kama alichogonga ni cha duka au ni cha jiji. Mkipima mtaa mkakuta njia imebaki sentimita 80 kwa sababu ya sanduku lenu, kuniondolea mimi kibao kilicho upande wa pili hakutatosha, na wananchi watanisikiliza mimi kuliko nyie kwa sababu wanaliona sanduku.

Kuhusu kibali sitasema mengi. Fomu ya ukurasa mmoja, iungwe na leseni ya biashara ambayo tayari tunailipia, siyo ada mpya kila mwaka inayokaribia thamani ya kibao chenyewe. Kama mnataka bima ya mtu kuumia semeni wazi kiasi gani, maana wengi tunayo ya duka na hatujui kama inafika mpaka nje ya mlango.

Kwetu sisi wenye maduka kuna mambo tunaweza kukubali leo bila kusukumwa, na naomba myaandike kwenye kanuni ili yasibaki hiari ya mtu mwema. Kibao kimoja kwa mlango mmoja, siyo vitatu. Ubao ushuke chini kama nilivyoeleza. Rangi yake ipishane na rangi ya njia, maana kuna wengi wanaoona kidogo na kibao cha kijivu juu ya njia ya kijivu kwao hakipo. Kiwe kizito vya kutosha au kiwe na sehemu ya kuweka uzito chini kisiangushwe na upepo, na kwa jina la Mungu tuache kukifunga kwa mnyororo au kamba kwenye nguzo, ile kamba ikinyooka usawa wa kifundo cha mguu ni mtego kwa kila mtu, mwenye macho na asiye na macho. Kikae upande uleule kila siku. Duka likifungwa kiingie ndani, maana kibao cha duka lililofungwa kinazuia njia na hakimsaidii yeyote.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 9, unazitaka nchi zilizouridhia kubaini na kuondoa vizuizi kwenye majengo, barabara na usafiri. Neno kubaini lina kazi yake, na kubaini hakufanyiki ofisini. Kabla rasimu haijaandikwa, chagueni mitaa miwili, mmoja mpana mmoja mwembamba, mtembee nayo na watu wawili watatu wanaotumia fimbo, wengine wa viti, na wenye maduka wa mitaa ile, wote pamoja kwa saa moja, na mpimaji awe na futi kamba mkononi aandike anachokuta. Mtaona vibao ambavyo mlidhani ni shida siyo shida, na mtaona vingine ambavyo hamjawahi kupokea simu yoyote juu yake vinaumiza watu kila siku.

Rasimu ikitoka iwekeni kwenye intaneti kwa namna ambayo programu za kusoma kwa sauti zinaweza kuisoma, siyo picha ya karatasi iliyogongwa muhuri. Michoro iwe na vipimo kwa sentimita. Mtupe miezi mitatu ya kurekebisha vibao kabla faini ya kwanza haijaandikwa, na ndani ya hiyo miezi mitatu na nyie mwe mmehamisha angalau vile vya kwenu vilivyo rahisi kuhamishika, mapipa na nguzo za ziada, kwenye mitaa ileile mtakayoanza kutukagua.

Wenu,
Mwenye duka dogo